Dawa Iliyofia Kwenye Beseni

Sista alinipigia mwezi wa saba, majira yale ambayo Kilimanjaro hujifunika wiki nzima na nguo hushinda kwenye kamba siku tatu, pindo bado bichi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Manka, panda huku unisomee kitambaa."

Nilicheka, lakini ndivyo alivyosema, nimsomee. Sista anasimamia zahanati ya vitanda kumi na viwili huko juu, lami inapoishia na migomba inapoanza kubana barabara. Mimi namshonea mashuka, foronya na gauni za wahudumu kwenye karakana yangu ya cherehani nne hapa Majengo, Moshi. Anajua pia kwamba kabla ya cherehani nilisoma uhandisi wa nguo Mlimani, kisha nikafanya kazi miaka kadhaa kiwandani Arusha, upande wa kutia rangi na kumalizia vitambaa. Kwake mimi ni msomaji wa vitambaa, kama wengine walivyo wasomaji wa majibu ya maabara.

Juu ya meza yake palikuwa na mita mbili za pamba nyeupe na kikaratasi kinachong'aa. Kilichorwa ngao, na vijidudu vyenye sura za hasira vikiikimbia. Maandishi yalisema: pamba asilia, chembe ndogo mno za fedha, huua asilimia 99.9 ya bakteria. Bei ilikuwa karibu mara tatu ya shuka langu. Na muuzaji alikuwa ameacha neno moja la ziada: Sista, shuka hili hata usipolifua kila siku halina shida.

Hilo la mwisho ndilo lililonikera. Ila nilimwelewa Sista. Ana dobi mmoja, tangi moja, na jua lililogoma tangu mwezi wa sita. Mtu aliyechoka kufua ukimwambia kuna shuka linalojisafisha lenyewe, atakukaribisha chai kwanza.

Nilidondosha tone la maji juu ya kitambaa. Lilikaa kidogo kama shanga, kisha likazama. Pamba iliyosafishwa vizuri ingelimeza papo hapo, kwa hiyo kweli kulikuwa na kitu juu yake. Pamba ni karibu selulosi tupu, mnyororo mrefu wa sukari iliyoshikana, na kando ya mnyororo huo kuna vikundi vya haidroksili vinavyopenda maji. Ndiyo sababu shuka la pamba hufyonza jasho na la poliesta hukuganda mgongoni. Kwenye hewa ya kawaida pamba hubeba maji kama asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifikishi hata nusu asilimia.

Unyevu huo unaomfariji mgonjwa unawafaa na bakteria, hasa ukichanganyika na jasho, magamba ya ngozi na usaha. Hata shuka likikauka hawafi upesi. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Marekani, Alice Neely na Matthew Maley, waliweka bakteria wa aina mbili, stafilokoko na enterokoko, kwenye vitambaa na plastiki za hospitalini wakahesabu wanaishi muda gani. Wote waliishi angalau siku moja. Baadhi walipita siku 90. Kwa hiyo wazo la kutia dawa kwenye kitambaa lina msingi, na fedha nayo si dawa ya jana. Mwaka 1881 daktari wa Leipzig, Carl Credé, alieleza jinsi matone ya naitreti ya fedha yalivyowakinga watoto wachanga na upofu uliotokana na kisonono cha mama. Ayoni za fedha, yaani atomu zake zenye chaji ya umeme, hushika protini za bakteria na kuharibu ukuta wake, naye huishia hapo. Ayoni, lakini. Kipande cha fedha kilichokaa kikavu hakina cha kumfanya mdudu. Lazima unyevu uje ukivue ayoni kidogo kidogo, na kila ayoni inayotoka haijirudishi.

Ukiwa umeishi Arusha, hapo utakumbuka tu vyandarua. Wa umri wangu wanaikumbuka Ngao, dawa tuliyochanganya kwenye beseni na kuchovya chandarua, tukisahau ikifika zamu ya kuchovya tena. Halafu mwaka 2003 kiwanda cha A to Z kikaanza kutengeneza vyandarua vya Olyset pale Arusha, kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani. Siri yake ni kwamba chandarua kile ni cha plastiki ya polietilini, na permethrini, dawa ya kuua mbu, asilimia 2 ya uzito, huchanganywa plastiki ikiwa imeyeyuka, kabla haijawa uzi. Dawa inalala ndani. Ya juu ikifutika, ya ndani hupanda taratibu. Shirika la Afya Duniani linataka vyandarua vya namna hiyo vihimili kufuliwa mara 20 maabara na miaka mitatu kitandani.

Pamba haiyeyuki, inaungua. Uzi wake umekamilika ndani ya tumba huko Simiyu au Shinyanga kabla wewe hujaja na dawa yako. Huwezi kuificha ndani. Itabidi uibandike nje. Kiwandani kitambaa hupitishwa kwenye maji ya dawa, hukamuliwa kati ya roli mbili, hukaushwa, kisha huokwa kwenye joto la nyuzi kama 150 ili dawa ishike. Shughuli yote iko kwenye hilo neno, ishike. Wapo wanaoifunga dawa kwenye haidroksili za pamba kwa kifungo cha kemia. Wapo wanaoigandisha kwa gundi. Aharon Gedanken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, Israeli, walitumia mawimbi ya sauti tusiyoyasikia: viputo hupasuka ndani ya maji na kuzirusha chembe za zinki oksaidi zijipigilie kwenye nyuzi kama misumari. Na wapo, nasema haya kwa kuwa nimefanya kazi kwenye idara hiyo, wanaopaka tu ili sampuli ipite.

Sasa sampuli hii ilikuwa ya kundi gani? Kikaratasi hakikusema. Hakikutaja hata idadi ya mafuo. Nilimwomba Sista mita moja, nikampelekea mama.

Mama yangu alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka 27. Anafua kama anayedai deni. Damu kwanza kwenye maji ya baridi, kwa sababu ya moto huipika ikagoma kutoka. Kisha sabuni ya mche, vidole na kiganja, kitambaa juu ya kitambaa mpaka kilie. Kisha jiki. Kisha maji matatu ya kusuuza, jua, na pasi ya mkaa ambayo hajawahi kuibadilisha, kwani ile ya umeme anasema inabembeleza nguo. Nilimwomba afue kile kitambaa mara ishirini, kipimo cha chandarua, na kila akimaliza atie mshono mmoja wa uzi mwekundu kwenye pindo ili tusipoteze hesabu.

"Mara ishirini? Kwani kimefanya nini?"

Nikamweleza kina dawa. Akakinusa. "Basi tutaona kama inajua kuogelea."

Niliyajua kidogo yatakayotokea. Mwaka 2008 Troy Benn na Paul Westerhoff wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walisuuza soksi zenye chembe za fedha na kupima maji yaliyotoka. Baadhi ya soksi ziliachia karibu fedha yote katika mafuo manne. Manne, tena kwa maji matupu. Mama anaongeza jiki, na klorini hupenda kuigeuza fedha kuwa kloraidi yake, halafu ile pikicha ya kiganja inamalizia. Fedha ambayo ingemlinda mgonjwa inakwenda mferejini, kisha mtoni, kuwafundisha bakteria wa huko mambo ambayo hatuyahitaji.

Na msidhani ni fedha peke yake inayoshindwa. Kundi jingine linalotumika sana ni misombo ya amonia yenye chaji chanya. Hii hufungwa kwenye pamba na kumchoma bakteria akiigusa, bila kutoka pale ilipo. Nzuri sana karatasini. Ila sabuni ya mche ina chaji hasi, na chanya na hasi zikikutana hushikana, zikabaki zimekumbatiana huku bakteria anapita. Kitosani, inayotokana na maganda ya kamba wa baharini, ina udhaifu huo huo. Wanaounda dawa hizi huzipima kwa sabuni maalumu, mashine maalumu, kitambaa kikiwa kimepumzishwa vizuri. Beseni la mama huku Pasua halimo kwenye kipimo chao.

Baada ya wiki kadhaa nilichukua vipande vitatu, kila kimoja kama sarafu ya shilingi mia: kisichofuliwa, cha mishono kumi na cha ishirini. Rafiki yangu wa maabara alivilaza juu ya agari, ule ute mgumu wa kukuzia bakteria, iliyopandwa stafilokoko. Kesho yake alinitumia picha. Kile kipya kilizungukwa na duara safi, bakteria wamesimama mbali kama watu waliokuta nyuki. Cha mishono kumi kilikuwa na uzio mwembamba wa ukucha. Cha ishirini kilikuwa kimezingirwa mpaka mlangoni.

Nilitaka kumpigia Sista hapo hapo kwa furaha ya kuwa sahihi. Nikajizuia, kwa sababu kipimo changu nacho kina kasoro yake. Duara lile zuri ni picha ya dawa inayohama. Linaonekana kwa sababu kitu kimetoka kwenye kitambaa kikaenea pembeni. Kitambaa kilichofungwa dawa imara hakitoi duara hata siku ya kwanza, na bado kinaweza kuua kinachokigusa. Kwa hiyo duara likikosekana kwenye kitambaa kipya usikihukumu, na likiwa kubwa mno usilishangilie, maana kinachotoka haraka kinaisha haraka. Sahani moja ya rafiki haitoshi kumhukumu mtengenezaji. Ilitosha kunipa swali la kumuuliza muuzaji.

Nilimuuliza kwa simu. Mafuo mangapi? Akasema mengi. Kwa sabuni gani? Akasema yoyote. Hiyo 99.9 ilipimwa vipi? Akasema ni ya kimataifa.

Vipimo vya kimataifa vipo kweli. ISO 20743, kwa mfano, katika mojawapo ya njia zake, hudondosha bakteria kwenye kitambaa, hukiweka kwenye joto la nyuzi 37 kikiwa na unyevu kwa saa 18 hadi 24, kisha huhesabu waliobaki. Shuka la Sista halipati hayo mazingira. Linakaa kavu, kisha mgonjwa anatapika, kisha nesi analivuta ndani ya dakika tano. Hata hesabu yenyewe inapendeza zaidi ya inavyostahili. Ukiwa na bakteria milioni moja, ukiua asilimia 99.9, unabaki na elfu moja. Wakipata unyevu, joto na chakula, wale wepesi huongezeka maradufu kila dakika 20, na elfu moja hurudi kuwa milioni baada ya saa tatu na dakika ishirini. Zamu moja ya nesi haijaisha.

Kuna jaribio ninalolirejea kila mtu akinijia na gauni za dawa. Lilifanyika hospitali ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, likachapishwa mwaka 2017. Manesi 40 wa chumba cha wagonjwa mahututi walivaa kwa zamu aina tatu za sare: za kawaida, zenye fedha, na zenye ile amonia niliyoieleza. Kila mmoja alivaa kila aina. Watafiti wakapima bakteria kwenye sare mwanzo na mwisho wa zamu. Sare za dawa hazikupunguza uchafuzi ukilinganisha na za kawaida. Hiyo ni hospitali yenye pesa, mashine na maji ya moto bombani.

Upo pia upande mbaya zaidi ya kutofanya kazi. Arusha walijifunza kwa mbu: permethrini ilitumika kila mahali mpaka mbu wakaizoea, ikabidi vije vyandarua vilivyoongezwa kemikali nyingine ya kuvunja ukaidi wao. Bakteria nao wanajua. Mwaka 1975, katika wodi ya majeruhi wa moto ya hospitali moja kubwa ya Boston, iliripotiwa salmonela iliyokuwa sugu kwa naitreti ya fedha, dawa ile ile waliyopaka kwenye vidonda. Fedha iliyochoka, inayotoka kidogo isiyotosha kuua, ndiyo shule bora ya usugu. Shuka lililofuliwa mara kumi na tano, kwa mawazo yangu, ni darasa la namna hiyo.

Sasa niseme ninayoipenda, maana nisije nikaonekana nachukia kemia iliyonisomesha. Inaitwa N-halamini. Gang Sun wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alianza kuifanyia kazi kwenye vitambaa miaka ya 1990. Molekuli yenye naitrojeni hufungwa kwenye selulosi. Ukiloweka kitambaa kwenye jiki iliyozimuliwa, klorini inaishika naitrojeni na kukaa hapo ikisubiri. Bakteria akigusa, klorini inamrukia. Ikiisha, unaloweka tena kwenye jiki, na silaha imejaa. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilimfikiria mama. Hatimaye mtu ameunda kitambaa kinachoogopa beseni tupu na kulipenda lenye jiki!

Lakini hata huyo mchumba ana mambo yake. Miale ya jua hulegeza kile kifungo cha klorini na naitrojeni, na sisi tunaanika juani. Pasi ya moto ikikuta klorini bado imo, kitambaa chaweza kugeuka manjano na kupoteza nguvu. Ungelazimika kumwambia mama aanike kivulini na aache pasi. Mwambie wewe.

Kwa chumba cha upasuaji sina maneno mengi. Vitambaa vya huko hupita otoklevu, mvuke wa nyuzi 121 au zaidi, ambao hauachi kitu, hata vijimbegu vya pepopunda vinavyovumilia kuchemshwa. Tatizo lao ni jingine: pamba ikilowa huwa njia. William Beck, daktari wa upasuaji Marekani, alilisema hilo mwaka 1952, kwamba kitambaa cha pamba kilicholowa hupitisha bakteria kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pale unahitaji kitambaa kisichopitisha maji. Dawa juu yake ni pambo.

Turudi kwenye vitanda vya Sista, hasa vinne vya wazazi. Nilipopanda kumrudishia majibu nilimkuta mama mmoja amejifungua asubuhi. Shuka la zahanati lilikuwa chini yake, la kwangu, nililitambua kwa pindo. Lakini shuka halikuwa limemgusa mtoto hata kidogo. Mtoto alizungushiwa kanga tatu kutoka nyumbani, bibi yake alijifuta mikono kwa ya nne, na ya tano ilikuwa begani ikisubiri. Mama mwenyewe alilalia kanga juu ya shuka. Nikasimama nikiwa na kipande changu cha mishono ishirini mkononi. Nguo inayomgusa mgonjwa wa Kilimanjaro haiko kwenye bajeti ya Sista. Imetoka kabatini, imefuliwa mtoni au bombani, mwezi huu wa saba pengine imevaliwa ikiwa na unyevu.

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa vidonda vya upasuaji uliofanyika KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alipata maambukizi ya kidonda, na zaidi ya theluthi moja ya maambukizi hayo yalijitokeza baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Namba hizo hazikitaji kitambaa kuwa mkosaji, nami sikisingizii. Ila zinaonyesha kidonda kinakomalia wapi: chumbani kwa mtu, juu ya kanga.

Nilimwambia Sista hela ya mashuka ya fedha anunulie sufuria kubwa mbili na kuni. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, husema maji ya nyuzi 71 kwa dakika 25 yanatosha kwa nguo za hospitali. Huko kwake maji huchemka mapema kidogo kwa sababu ya mwinuko, labda nyuzi 95. Bado ni mengi. Sufuria moja ya mashuka, nyingine ya kanga za wazazi, zichemshwe kabla mama hajapanda kitandani. Na jiko la mkaa la kukaushia, ndani ya kile chumba cha stoo chenye dirisha, mpaka jua lirudi mwezi wa tisa. Dirisha liwe wazi, Sista, moshi wa mkaa unaua kuliko stafilokoko.

Alinisikiliza akigeuza lile pindo la mishono myekundu mkononi. Akaniuliza ni nini. Nikamweleza hesabu ya mama.

"Na mashuka yangu nayo unayahesabia?"

Sikuwa nimewahi. Pamba nayo huchoka. Baada ya jiki nyingi inakuwa kama karatasi. Aliagiza thelathini ya kawaida, pamba nzito, na kila moja niliandike mwezi kwa uzi mwekundu kwenye kona ili dobi ajue la kustaafisha. Nilimaliza wiki ya pili ya mwezi wa nane. Tuliyafunga kwenye kiroba, bodaboda akayapandisha.

Kile kipande kilichobaki kiko kwa mama. Anafunikia cherehani yake. Juzi nilikigeuza nikahesabu mishono thelathini na mmoja, nikamuuliza kwa nini bado anatia uzi wakati jaribio liliisha zamani.

"Sasa ndio kimeanza kuwa laini," akasema, akakichukua akakitumbukiza kwenye beseni.